Nyumba umeiona, ekari hujaziona

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Shinyanga, lakini kwetu ni Tabora mjini na nataka kurudi. Mwezi wa saba nilionyeshwa nyumba ya vyumba vitatu njia ya Urambo, kabla hujafika Tumbi. Ina bati zuri, sakafu ya saruji, madirisha ya mninga, kisima na miembe kumi na mmoja. Eneo lake wanasema ni ekari nne. Anayeuza ni kijana, ni urithi wa baba yake. Karatasi aliyonayo ni ya mauziano ya mwaka 1998 yenye muhuri wa serikali ya kijiji. Pale anaishi mama mmoja na wajukuu, kijana anasema ni shangazi yake analinda nyumba tu. Bei ni milioni 58, na dalali anasema kuna mtu mwingine yuko njiani na pesa mkononi. Mume wangu anasema tuachane nayo, tuchukue kiwanja kilichopimwa Ipuli cha mita za mraba 800 tujenge taratibu. Mimi nataka nafasi: nifuge kuku, nilime mboga, na mama yangu aje kuishi nasi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba binti yangu, na pole na zamu za usiku.

Usilipe hata shilingi moja kwa sasa, na wala usimfukuze huyo kijana. Eneo linaweza kuwa zuri. Ila nimesoma barua yako mara mbili nikaona jambo: nyumba umeieleza kama mtu aliyeikagua kwa macho yake, mpaka mbao za madirisha unazijua. Ukifika kwenye ekari unaanza kusema "wanasema". Nyumba umeiona, ekari hujaziona. Na kinachokuvuta kule si vyumba vitatu, maana vyumba vitatu hata Ipuli vinajengeka. Kinachokuvuta ni ekari. Kwa hiyo tuzitafute ekari kwanza, nyumba itasubiri.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Huku kwetu inapimwa kwa miguu, hatua 70 kwa 70, na kipimo hicho si kibaya iwapo mpimaji ni mtu mrefu anayenyoosha mguu karibu sentimeta 91 kila hatua. Akija mtu mwenye hatua ya sentimeta 75, zile hatua 70 zinampa mita 52.5 kila upande. Zidisha: mita za mraba 2,756. Hiyo ni kama theluthi mbili tu ya ekari, na bado anayeuza atakuapia kwa Mungu kuwa ni ekari, kwa sababu hatua 70 kweli amezihesabu. "Ekari nne" za namna hiyo ni ekari mbili na robo tatu hivi.

Nimefanya kazi ya upimaji miaka mingi na sikumbuki eneo la kurithi lililozidi kile alichokisema mwenye nalo. Kuna moja kusini ya mji waliniitia wakisema ni ekari sita. Tulizunguka na familia nzima asubuhi, mzee mmoja mbele na fimbo yake akionyesha: hapa minyaa, hapa mwembe, pale kichuguu. Minyaa ilikuwepo, mwembe ulikuwepo. Kichuguu hakikuonekana. Tulikitafuta nusu saa nzima kwenye majani, mpaka kijana wa jirani akacheka, akatuambia kiligeuka tofali miaka mitatu nyuma. Walikichimba wakakichoma kwenye tanuri, na nyumba iliyojengwa kwa tofali hizo ilikuwa mbele yetu, imesimama ndani ya kile mzee alichokiita eneo lake. Tulipomaliza kupima zilitoka ekari nne na kidogo.

Kwa hiyo rudi pale ukiwa na kijana mwenyewe, majirani wa pande zote nne, na kama yupo, mzee aliyeshuhudia mauziano ya 1998. Kila jirani asimame kwenye mpaka wake na aseme kwa mdomo wake. Uwe na simu yenye programu ya kupimia shamba, uzunguke mpaka wote polepole. Simu hukosea kwa mita kadhaa, haifai kwa hati, lakini kwa ekari nne inatosha kukuambia kama una nne au una tatu. Jirani asipotokea, au akitokea akawa anatazama chini, hapo pana neno. Mfuate baadaye peke yako.

Na hesabu yenyewe si ndogo. Mchukue fundi unayemwamini akukadirie ile nyumba ilivyo leo, si ilivyokuwa siku ya kuhamia. Tuseme akuambie milioni 30. Maana yake ardhi unauziwa milioni 28, milioni saba kila ekari. Ekari moja ikipotea kwenye hatua za mtu mfupi, umepoteza milioni saba.

Tuseme sasa ekari nne zipo kweli. Swali linalofuata ndilo watu wengi hawaliulizi, na ndilo ningeliweka mbele kuliko yote: mji umepanga nini juu ya hizo ekari?

Upande huo wa magharibi mji unasogea, wewe mwenyewe umeona. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, lami imekwenda, na pale palipokuwa na mihogo mtu anaota fremu za duka. Ardhi ya pembezoni mwa mji unaokua haikai ilivyo. Leo ni shamba, kesho kutwa inachorwa. Mchoro wa mipango miji unaweza kuwa tayari upo kwenye kabati la Manispaa, na juu ya miembe yako kumi na mmoja pameandikwa shule, au soko, au eneo la wazi, au barabara imepita katikati ya kisima. Mchoro hauji kukuambia. Unaufuata mwenyewe ofisi ya mipango miji, ukiwa na alama za GPS za kona nne za eneo ulizozichukua kwa simu, unaomba wakuonyeshe kama eneo liko ndani ya mchoro wowote na matumizi yake ni yapi. Kwenda huko ni nauli ya bodaboda, na kama kuna ada ya kuangalia utapewa namba ya malipo ya serikali na risiti yake.

Kwanza lakini ujue pale ni kijiji au ni mtaa. Usicheke. Manispaa yetu si mji mtupu. Kata za pembezoni zimekuwa na vijiji, na ukisogea zaidi unatoka kabisa, unaingia wilaya ya Uyui ambayo makao yake ni Isikizya, na faili lako halitapatikana mjini hata ulitafute mwaka mzima. Mwaka 1998 palikuwa kijiji, muhuri unasema hivyo. Leo je? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua utapita mlango gani.

Kama pamebaki kijiji, ardhi ile iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya Kijiji ndiyo yenye mamlaka ya kuisimamia, na hata yenyewe haigawi ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Kumuuzia mtu asiye mwanakijiji kunahitaji ridhaa ya Halmashauri hiyo, na ridhaa ni muhtasari wa kikao wenye mahudhurio na sahihi, si mwenyekiti na mtendaji kukaa kwenye benchi nje ya ofisi na muhuri mfukoni. Ukipata, hati utakayoomba ni ya haki miliki ya kimila. Ni hati halali, isidharauliwe na mtu.

Kama pamegeuka mtaa na kuingia eneo la mipango miji, njia ni nyingine: Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka huo huo, upangaji, upimaji, halafu hati ya miaka 33, 66 au 99. Na hapa nikuambie jambo ambalo madalali hawalipendi. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa wala kuidhinisha uuzaji wa ardhi. Yeye ni shahidi anayewafahamu watu wake, na kwa hilo ana thamani kubwa, lakini muhuri wake hauhamishi umiliki. Muhuri wa wakili nao ni hivyo hivyo. Unathibitisha kwamba watu wawili walisaini mbele yake, hauthibitishi kwamba mmoja wao alikuwa na kitu cha kuuza. Nimeona karatasi yenye mihuri mitano, kila mmoja wa kweli, na eneo lilikuwa la mtu wa sita.

Turudi kwenye mchoro, maana ekari nne zikiingia kwenye mchoro wa makazi hazibaki ekari nne. Wenye maeneo wanakubaliana kuachia ardhi kwa ajili ya barabara na huduma, kila mtu anakatwa pande zake, na kinachobaki kinapigwa viwanja. Unaweza kuingia na shamba ukatoka na viwanja kumi na kitu, kila kimoja na namba yake, hati yake, na kodi yake ya pango la ardhi ya kila mwaka. Halafu hati za makazi zinakuja na masharti: uendeleze ndani ya miezi 36. Mtu mwenye mshahara wa uuguzi na viwanja kumi na viwili vya kuendeleza ndani ya miezi 36, bila shaka atauza. Wala si vibaya, kuna waliosomesha watoto hivyo. Ila mtu huyo hakununua shamba la kuku. Alinunua viwanja vinavyosubiri, na angejua mapema angepatana bei kwa macho hayo.

Ndiyo maana nakuuliza: unanunua shamba au unanunua viwanja? Ukitaka shamba libaki shamba, muulize afisa mipango miji kama mchoro unaruhusu kilimo au viwanja vikubwa vya ujazo mdogo pale, na kama inawezekana eneo la nyumba likapimwa kama kipande kimoja. Wakati mwingine inawezekana, hasa mchoro ukiwa bado mezani. Ukishaidhinishwa unaanza safari ya maombi ya kuunganisha viwanja, na safari hiyo ni ndefu kuliko treni ya Kigoma ya zamani.

Kuna na vipande ambavyo hutavipata kabisa hata ukivilipia. Barabara kuu na ya mkoa ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati yake. Eneo lako likigusa ile ya Urambo, toa hizo mita kabla ya kuhesabu ekari. Kama kuna kijito au chemchemi, mita 60 kutoka ukingoni si za kujengea wala kulima hovyo, Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema. Na kumbuka reli inaelekea magharibi pamoja na barabara hiyo. Ya zamani ina hifadhi yake tangu treni ilipoanza kwenda Kigoma mwaka 1914, na mpya ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma mkataba wake umesainiwa mwaka 2022. Sisemi inapita kwa huyo kijana. Nasema uliza, na uulize kwa namna hii: je, eneo hili au sehemu yake imewahi kuthaminiwa kwa ajili ya fidia? Maana kuna wauzaji ambao jina lao liko kwenye daftari la fidia, wanajua pesa inakuja au wameshaipokea, na bado wanakuuzia wewe kile ambacho serikali imeshakihesabu.

Sasa yule mama.

Binti yangu, wewe ni muuguzi, umezoea kusoma mgonjwa kabla hajasema. Umeniandikia kwamba pale pana mama anaishi na wajukuu, na kijana anasema ni shangazi analinda nyumba. Je, wewe ulimsalimia? Ulimuuliza amekaa pale tangu lini? Mtu anayelinda nyumba ya kaka yake kwa muda hana wajukuu wanaosoma shule ya jirani na jiko la nje lenye masizi ya miaka ishirini. Huenda ni shangazi kweli. Huenda pia ni mke wa pili wa marehemu, mama wa wadogo zake huyo kijana, ambaye hajaambiwa kuwa nyumba inauzwa. Haya yapo sana kwetu, tusidanganyane. Mzee anaacha nyumba tatu, mtoto wa nyumba ya kwanza anashika karatasi.

Nenda siku ya kawaida, si siku ya dalali. Beba sukari kilo mbili na sabuni, mpigie hodi kama mgeni, mkae kwenye mkeka muulizane ukoo. Usimuulize habari ya kuuza kwanza. Muulize nani alipanda miembe. Mtu aliyepanda, au aliyekuwepo ikipandwa, utamjua kwa anavyoihesabu mmoja mmoja.

Baada ya hapo ndipo karatasi. Ardhi ya marehemu haiuzwi na mtoto kwa kuwa ni mtoto, hata awe wa kwanza na wa pekee. Inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kijana awe na Fomu namba 4 yenye jina lake, na wewe uchukue namba ya shauri uende mahakamani kuthibitisha kwamba ni ya kweli na haijatenguliwa. Halafu uone muhtasari wa kikao cha ukoo, na warithi wote wazima wasaini kwamba wanaridhia kuuza: majina yao, namba zao za vitambulisho vya NIDA, na dole gumba kwa asiyejua kuandika. Warithi wakiwa Dar au Kahama wasubiriwe, au wasaini kwa wakili huko waliko. Kama yule mama ni mjane, naye awepo, na aseme mwenyewe atahamia wapi. Mirathi ikiwa haijafunguliwa, mwambie kijana akafungue kwanza, wewe upo. Muuzaji mkweli atakereka kidogo kisha ataenda. Mwingine hutamwona tena, na hapo umeokoa milioni 58 kwa sukari kilo mbili.

Usije ukafarijika kwamba ukishalipa na kukaa utakuwa salama. Kudai ardhi kwa kawaida kuna ukomo wa miaka 12. Ni muda mrefu wa kuishi ukisikiliza kila pikipiki inayosimama getini.

Ile karatasi ya 1998 usiidharau. Sheria mbili za ardhi nilizozitaja zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, kwa hiyo baba alinunua chini ya taratibu za kale, na haki aliyoipata kihalali wakati ule haifi. Ila iangalie vizuri: inataja ukubwa, au inasema tu "shamba langu lililopo"? Inataja majirani? Nani aliyemuuzia, na watoto wa huyo wako wapi? Karatasi nyingi za miaka ile ninazozifahamu zina mistari minane, mashahidi wanne ambao watatu wamefariki, na bei ambayo leo hainunui mbuzi. Inathibitisha kwamba baba aliingia pale. Mipaka haithibitishi.

Kuhusu ardhi yenyewe kama udongo. Ulikwenda mwezi wa saba. Mwezi wa saba Tabora nzima inauzika: kukavu, upepo mwanana, majani yameungua, barabara inapitika hata kwa baiskeli. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na eneo la mji wetu ni vilima vya kichanga vinavyoshuka kwenye mbuga. Juu kwenye kichanga unajenga, unalima mihogo, viazi na karanga. Chini kwenye mbuga udongo ni mweusi, ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka mpaka mkono unaingia. Wenzetu wanalima mpunga humo kwenye majaruba, na wanajua kwa nini hawajajenga humo. Ekari nne zinaweza kuwa mbili za kichanga na mbili za mbuga, na hizo mbili hazina bei moja. Kama huwezi kusubiri mvua, tazama vitu vitatu. Nyufa za ukuta zinazopanda kwa mshazari kutoka kona za madirisha. Alama ya maji kwenye miti, pale tope lilipokauka. Na udongo wenyewe: chimba mahali patatu hadi magotini, ukande kwa maji kidogo, ukiufinyanga ukashika kama ugali na kung'ata vidole, hiyo ni mbuga.

Mchwa nao. Gonga fremu za milango kwa fundo la kidole kuanzia chini. Mninga unavumilia, lakini kenchi za juu sidhani kama ni mninga. Panda darini, au mtume fundi.

Kisima ukipime mwezi wa kumi, si wa saba. Kiangazi ndicho kinachokula kisima, na mboga unazozitaka zinahitaji maji hasa wakati huo ambapo kisima kimebaki na ndoo nne asubuhi. Uliza TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, bomba lao la karibu liko wapi na kulivuta mpaka getini ni mita ngapi. Nguzo ya umeme vilevile. "Maji na umeme vipo jirani" ni kauli ya dalali. Jirani yake ni jicho linapofika. Na choo kiko umbali gani na kisima? Chini ya mita 30, wewe wa hospitali unajua maana yake kuliko mimi.

Miembe usiipigie hesabu ya biashara. Msimu ukifika, Tabora nzima ina maembe, yanaoza chini, mbuzi wanayachoka. Ipende kwa kivuli.

Sasa mume wako. Hana kosa. Kiwanja kilichopimwa kina mipaka inayojulikana, unaweza kufanya upekuzi rasmi ukajua mmiliki ni nani na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu yake, na mita za mraba 800 zinatosha nyumba, chumba cha mama na banda la kuku mia moja. Kinachokosekana ni bustani kubwa na ukimya, na kwamba utajenga kuanzia msingi ukiwa Shinyanga, ukituma pesa kwa fundi kwa simu. Hilo nalo lina machozi yake.

Ningekuwa mimi, nisingenunua ekari nne wala nisingekwenda Ipuli kwanza. Ningemwambia kijana: niuzie nyumba, kisima na ekari moja iliyozunguka, baada ya mirathi kukaa sawa na mchoro kuonekana. Kuku, mboga, na mama vinakaa ndani ya ekari moja na nafasi inabaki. Ekari tatu za ziada ni za kufyeka kila Januari na kulinda zisivamiwe, na wewe uko zamu Shinyanga. Hizo tatu zikibaki kwa familia, yule mama pengine ana pa kuhamia bila kutoka kwao. Kama mchoro ukionyesha upande mzuri na una pesa ya ziada, ya pili utaongeza baadaye. Kwa hesabu yetu ya mfano, nyumba milioni 30 na ekari moja milioni saba ni milioni 37. Inayobaki ndiyo ya upimaji, hati, bomba na banda.

Mkiafikiana, mpimaji aliyesajiliwa aingie kabla ya malipo makubwa, aweke mawe ya mipaka mbele ya majirani, na mkataba utaje ukubwa uliopimwa, si ule wa kukadiria. Lipa kwa awamu kupitia benki: kidogo wakati wa kusaini, sehemu kubwa warithi wote wakishasaini na nyumba ikiwa tupu, mwisho ukikabidhiwa karatasi zote halisi. Andikeni humo nani analipa nini. Ushuru wa stempu ni asilimia moja ya bei na kwa kawaida mnunuzi ndiye hubeba. Kodi ya faida ya kuuza ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi kama hana msamaha, na usipoiandika itakurudia siku ya kuhamisha jina, yeye akiwa ameshakula pesa yake. Mkataba uwe na majina yenu wawili, wewe na mume wako. Maneno ya nani alichangia zaidi yasubiri.

Mtu aliye njiani na pesa mkononi mimi nimemsikia tangu nikiwa kijana. Yuko njiani bado. Akifika kweli kabla yako, mwache alipe, maana naye atakutana na yule mama.

Anza na ofisi ya mipango miji, ukipata likizo ya siku mbili zinatosha. Ukishauona mchoro nitumie picha yake na alama za kona nne. Na uniambie yule mama alikujibu nini ulipouliza nani alipanda miembe.